Elie Anaita Baba

Likasi, tarehe 14 mwezi wa pili 1993

Bibiane, mwana wangu, mama ya Elie,

Kama hii barua inakufikia, basi uko muzima, na kama uko muzima, jibu mbio. Ni minye Philomène, mukwe wako, bibi ya Elie, ule anaitwa Nkambo. Sijaenda ku masomo hata siku moja, unajua, njo maana mukono unaona hapa ni ya Berthe, metresi ya gadieni, ile shule ya batoto badogo hapa ku parokia. Nimemwambia aandike vile nasema, asipange maneno kama padri. Benoît, ule anafanya kazi ku treni, amekubali kuibeba mu soksi yake.

Tangu siku ile ku gare silali muzuri. Naona tu ile behewa, bantu juu ya bantu kama mihogo mu gunia, na weye mulemule, binti yako mudogo Mimi mu mugongo, meno yake mawili ya chini inacheka bila kujua kintu. Ulinipa Elie mu mikono, ukasema: "Mama, surua inamaliza batoto hapa. Mimi bado ananyonya, siwezi kumuacha, lakini huyu akae kwa bantu ya baba yake." Ulifanya muzuri. Bale balikufukuza weye juu ya kabila ya wazazi wako, lakini Elie batamufukuza namna gani? Baba yake ni Georges mwana wangu, ule homa ilituibia kule Mwadingusha, na minye mwenyewe nilimuleta nikamuzika hapa. Muntu iko na kaburi ya baba yake mu Likasi, ni wa Likasi.

Lakini mutoto haiko muzuri. Sitakudanganya, minye si muntu ya kupaka mafuta juu ya kidonda iko na usaha. Mwili iko sawa. Anakula bukari, anakula sombe, jana aliniibia samaki mu sufuria na nilifurahi kabisa. Lakini hasemi. Mutoto wa miaka ine, alifika hapa kinywa yake kama redio, sasa hakuna neno. Hata "ndiyo". Hata kulia, halii na sauti, machozi inashuka tu yenyewe. Mama Suzanne, jirani wa lupango ya pili, amesema ni bubu. Nikamujibu: "Bubu ni bwana yako, akirudi na pombe yake hata jina yako hawezi kuitamka." Haji tena kulomba chumvi.

Niambie: ulikuwa unamuimbia nini? Akikasirika ulikuwa unafanya namna gani? Mulikaa mbali kule Mwadingusha, ku barrage ya maji, minye nilikuwa namuona ku Noeli na ku matanga tu, sijui njia ya kuingia mu kichwa yake. Weye njo ulimuzaa. Nionyeshe njia.

Na Mimi? Anakaa mwenyewe? Meno ya juu imetoka?

Nkambo Philomène

(Nimeandika yote alivyosema, hata ya jirani. Nilitaka kuyaruka hayo, akaniambia nisome tena kwa sauti, akagundua. — Berthe)


Mwene-Ditu, tarehe 20 mwezi wa tatu 1993

Mama-mukwe, Mama Philomène,

Nakusalimu na magoti chini. Benoît alinikuta sokoni, akavua kiatu mbele ya watu wote. Nilifikiri amepata wazimu, kumbe ni wewe uko ndani.

Tuko hapa. Tunalala katika darasa la shule, familia na familia, tumetenganisha na vitenge. Kule mulituita watu wa Kasai. Hapa wanatuita watu wa Katanga. Nikifungua kinywa kununua mafuta, wanawake wanacheka Kitshiluba changu, wanasema kimelala mu migodi kikaota kutu. Nashona kwa mikono nguo za wengine. Ninaishi.

Hayo ya Elie nimeyasoma tena na tena. Mama, nakuomba usimulazimishe. Akikasirika, nilikuwa napuliza pole pole nyuma ya shingo yake, pale nywele zinaisha. Anapenda kubebwa mugongoni hata kama ni mukubwa. Usione haya, umubebe. Na kuna wimbo wa kutwanga mihogo, mama yangu aliniimbia, na minye nilimuimbia yeye kila jioni kule Mwadingusha. Maneno ni ya Kitshiluba. Nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Mbele yako sikuuimba hata mara moja, kwa heshima ya bukwe, na kwa sababu hukupenda kusikia luga ambayo huijui ndani ya nyumba ya mwana wako. Sasa nakuomba umuimbie mahali pangu.

Mimi anakusalimu. Ana meno yake mawili, anacheka. Usihangaike juu yake. Fikiri Elie tu.

Wako katika heshima,
Bibiane


Likasi, tarehe 2 mwezi wa sita 1993

Bibiane,

Nilimubeba. Bantu balicheka, nkambo na mutoto miguu inagusa chini, nikabaambia bacheke mpaka meno iote jua. Nilimupuliza ku shingo. Hii alipenda, alilala. Nakushukuru.

Lakini wimbo! Mwana wangu, unataka baunguze nyumba? Bale vijana balikufukuza bangali banapita, banasimama ku madirisha, banasikiliza luga gani inatoka. Berthe alinisomea maneno ndani, mulango imefungwa, nikachukua sauti nikaacha maneno. Nikamuimbia mm-mm-mm, usiku, mu sikio. Bibiane, unajua alifanya nini? Aliweka mukono yake ku kinywa yangu. Akaifunga. Pole pole, kama unafunika sufuria.

Sasa anaenda kwa Berthe kila asubuhi. Kuita ile gadieni ni heshima tu. Viti bantu balipikia kama kuni, batoto banakaa juu ya matofali, na Berthe hajalipwa, tangu lini tulishasahau, lakini anafika, amefunga kitambaa safi, anabaosha mikono moja moja kama anabatiza. Bamama banaleta makala ya moto, banapika uji. Minye nakoroga, juu naona babinti ya sasa banapika uji iko na mabonge.

Tuligombana, minye na Berthe. Alikuwa anamusimamisha Elie mbele ya benzake: "Sema: jina langu ni Elie. Sema!" Nikaacha mwiko nikaingia. Nikamwambia: "Metresi, mutoto si kasuku. Muache. Kinywa ni ya nyuma. Anza na mikono." Alinuna mpaka sikio. Kesho yake alileta udongo ya kufinyanga. (Ni kweli, nilinuna. — B.)

Na mikono inasema, Bibiane! Kila siku anafinyanga kintu moja: kilima kidogo, kirefu, anaipiga juu na kiganja mpaka inakuwa laini, kisha anakaa pembeni yake. Mwengine akitaka kuikanyaga, anauma. Berthe anasema ni mulima ya mabaki ya mugodi, ile anaona njia ya Kambove. Amemusifu mbele ya bote. Minye najua tu kwamba ameanza kintu.

Sasa tuseme ya Mimi. Meno mawili? Meno mawili ilikuwa ku gare! Minye nimezaa, nimezika, nimelea ya bengine, meno ya mutoto nazijua kama mahindi ku lupango yangu. Saa hii Mimi iko karibu ya mwaka. Iko na meno ya juu, anauma titi mpaka unapiga yowe. Anasimama, anashika ukuta, anaanguka, anakukasirikia weye kama ni weye ulimusukuma. Anasema ta-ta-ta. Anatupa bukari chini. Hakuna hata kimoja ya hii mu barua yako. Umeniandikia mutoto ya picha. Mutoto ya picha tu njo haoti meno.

Bibiane, Mimi iko wapi?

Nkambo Philomène


Mwene-Ditu, tarehe 11 mwezi wa saba 1993

Mama,

Treni ilisimama porini kabla ya Kamina. Ilisimama juani, hatukujua sababu, na maji yalikwisha. Surua ilikuwa imemuingia Mimi tangu gare, macho yalikuwa mekundu tayari siku ile nilikupa Elie, niliona, nikanyamaza. Alikuwa mugongoni. Niliendelea kumutikisa. Mwanamuke mumoja aliniambia: "Dada, acha kutikisa." Nikamukasirikia.

Wanaume walichimba na sahani na mikono, karibu na reli. Filimbi ikalia kabla hawajamaliza kufunika. Sijui jina la mahali pale. Hakuna muti, hakuna nyumba. Nikirudi leo sitapaona.

Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umekwisha kumuzika Georges, na sasa una Elie wa kubeba. Na kwa sababu kila nikiandika "ana meno mawili", kulikuwa na karatasi moja duniani ambapo anayo bado. Sasa umenikamata. Sikujua kwamba mutu anaweza kukamatwa na meno.

Nakuomba usimuambie Elie.

Na ninauliza jambo moja, unijibu kama unavyojibu siku zote, bila mafuta. Kabla kinywa chake hakijafunga, zile siku za kwanza, Elie aliniita? Alinililia hata kidogo? Kama hakuniita, sema. Nataka kujua kama kuna mutoto mumoja bado ananijua.

Bibiane


Likasi, tarehe 30 mwezi wa munane 1993

Mwongo weye. Mwongo wangu, mwana wangu, kama ungekuwa hapa ningekupiga kofi kisha nikukalishe mu magoti nikunyonyeshe, hata na hii titi imekauka.

Nilimulia Mimi na sauti yote. Sikuwa na mwili ya kulaza mu nyumba, nikatandika kitambaa chini, nikalia juu ya kitambaa. Mama Suzanne, ule ule, alisikia, akaingia bila kuuliza, akalia na minye mpaka jua ikashuka. Kisha alilomba chumvi. Nilimupa. Elie nilimupeleka kwa Berthe asione.

Uliuliza, nitajibu. Hapana. Hakukuita. Usiumie, mutoto ya kiume ni vile, damu yake inatafuta nyumba ya baba. Zile siku za kwanza alilia baba tu. Baba, baba, asubuhi baba, usiku baba, anasimama ku mulango, anashika mulango, baba. "Mama" sikuisikia hata moja. Nilishangaa, juu Georges alikufa Elie bado mudogo, nikasema: angalia, damu haisahau! Nilifurahi, Bibiane, nakuambia kweli. Nililia na furaha. Mwana wangu bado iko na muntu anamuita.

Alipokataa kula, nikasema basi, mutoto anadai haki yake. Nikamuvalisha shati safi. Tulienda mbio ku makaburi, minye na ye, mukono mu mukono. Njiani alikuwa anaruka. Anaruka kama mbuzi! Anauliza: "Tunaenda kwa Baba?" Nikasema: "Ndiyo, mwana wangu, tunaenda kwa Baba." Tukafika. Nikamuonyesha. Nikasema: "Baba yako njo huyu, iko humu chini, amekufa, hatatoka tena. Usimuite usiku, unamusumbua. Weka mukono, umuage."

Aliangalia kaburi. Akaniangalia minye. Aliweka mukono. Kisha akalala pale juu, tumbo chini, na sikio ku udongo, na nikamuacha alale, nikafikiri: muzuri, sasa moyo yake itapoa.

Kweli ilipoa. Tangu pale hajalia tena na sauti.

Ni hii tu. Alikuwa anamutaka baba yake, nilimupa baba yake. Usiwe na wivu na marehemu.

Nkambo Philomène


Mwene-Ditu, tarehe 19 mwezi wa kenda 1993

Mama,

Mu Kitshiluba, baba ni mama.

Elie alimuita Georges Tatu, yaani papa. Minye aliniita Baba. Kule Mwadingusha batoto wote wa jirani walisema "papa", "papa", hakuna aliyemufundisha kwamba baba ni mwanaume. Mbele yako, kwa haya, nilimuambia aseme "mama" kama batoto wako. Alisahau, au hakusahau. Wakati wa hofu mutu anaita jina la kwanza.

Baba ni minye.

Alikuuliza kama munaenda kwangu. Ukasema ndiyo. Ukamuonyesha udongo.

Na kile anafinyanga kwa Berthe kila siku, kirefu, laini juu, anakaa pembeni: Mama, si mulima.

Siwezi kuandika zaidi.

Bibiane


Likasi, tarehe 10 mwezi wa kumi 1993

Mama Elie,

Ninakuandikia mimi Berthe, kwa jina langu mwenyewe. Barua hii naituma na mwenzake Benoît, huenda ikawatangulia, ili ujue kinachokuja.

Nilimsomea Nkambo barua yako jikoni, uji ukiwa motoni. Alisema: "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema: "Soma lile neno peke yake." Nikalisoma. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya, akatoka nje. Uji uliungua. Watoto walikula mkate mkavu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu waliona uso wake.

Elie alikuwa uani pembeni ya kilima chake. Nkambo alipiga magoti katika matope, na magoti yake unayajua. Akamwambia: "Elie, Baba hakufa. Nkambo alikosa. Baba iko muzima, iko Mwene-Ditu." Mtoto aliziba masikio kwa viganja. Nkambo akaishika ile mikono, akarudia. Elie akafumba na macho. Alimwambia tena jioni, akamwambia tena asubuhi, na kila mara yule mtoto alijifunga kama mlango.

Nilifikiri usiku kucha, Bibiane. Kinywa kilichomwambia kwamba uko chini ndicho hicho hicho kinachomwambia kwamba uko juu. Nkambo mwenyewe alifika hapo kabla yangu. Aliniambia: "Kinywa yangu imekufa kwa huyu mutoto. Masikio yake haitaamini tena. Tutaenda kwa macho."

Nilimwambia safari hiyo ni mbaya, treni inakaa porini siku na siku, askari wanashusha watu, na yeye ni mzee. Alinijibu: "Metresi, fundisha batoto kuhesabu. Minye usinifundishe kuogopa."

Na mimi, Berthe, nina sehemu yangu ya kosa. Nilikuwa namsifu. Kila asubuhi mtoto alinionyesha kaburi la mama yake, nami nilipiga makofi, nikawaambia wengine wapige makofi. Wakapiga. Darasani tunasema papa na mama, kwa Kifaransa. Neno la baba wanalitumia wazee kama Nkambo. Hata mimi nisingejua kwamba kwake ni mama.

Wameondoka leo. Amembeba mgongoni, kitenge kimekazwa, na kichwani kikapu cha chikwangue, ile mikate ya mihogo. Mama Suzanne aliwasindikiza hadi gare. Kwa jinsi Nkambo alivyokuwa akimfokea mkuu wa treni, nadhani mkuu wa treni ndiye anayehitaji sala zetu.

Berthe


Mwene-Ditu, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 1993

Berthe, metresi yangu,

Ni minye. Mukono hii ni ya Bibiane. Nimemwambia sheria ni ile ile: aandike vile nasema, hata yale yanamuhusu.

Tulifika. Miguu yangu imevimba kama mikate, lakini iko mbili. Kabla ya Kamina treni ilisimama mara mingi mu pori. Hatujui Mimi iko wapi mu ile njia yote, na hakuna muntu wa kutuonyesha. Basi kila mahali treni ilisimama, nilishuka, nilimwaga maji kidogo ku udongo, nikasema: "Mimi, ni nkambo wako, napita." Bantu balisema huyu muzee amerukwa na akili, anasalimia majani. Elie alikuwa anaangalia ku dirisha. Sikufikiri. Mutoto ya kunyamaza unasahau kwamba iko na masikio.

Bibiane alikuwa ameketi ku mulango ya shule, na sindano mu mukono. Amekonda, Berthe. (Haihitaji kuandikwa hii. — Bibiane) Inahitaji. Amekonda mpaka nguo inamuvaa yeye. Alituona, akasimama, sindano ikaanguka. Nilimuonyesha na mukono anyamaze, akae tena ku mulango, mutoto aje mwenyewe.

Nilimushusha Elie. Hakukimbia. Alienda pole pole, akazunguka nyuma yake, kama unazunguka mbuzi kabla ya kuinunua. Akainama. Aliangalia miguu yake. Akashika kidole moja moja ya mguu, akaangalia katikati kama iko na udongo. Akasimama, akavuta kitambaa ya kichwa, akatia mikono mu nywele, anatafuta. Alitafuta sana. Kisha alinusa viganja vyake mwenyewe.

Akasema: "Baba."

Sauti imekuwa nzito, kama ya muntu ya mafua. Bibiane alianguka chini na ye. Minye nilienda kukaa ku jiwe nikaangalia ngambo ingine, juu ile haikuwa yangu.

Hapa ningetaka kuishia. Weye ungeshangilia mbele ya batoto bote. Lakini alilala, akaamuka, akala, na kintu ya kwanza alisema kwa mama yake ilikuwa: "Twende tumutoshe Mimi, atoke."

Bibiane akauliza: "Tumutoshe wapi?"

"Chini. Nkambo alimusalimia. Weye ulitoka. Twende tumutoshe na ye."

Bibiane alitaka kumwambia Mimi amesafiri, iko kwa mama mudogo, atakuja ku Noeli. Tuligombana kabisa, minye na ye, nje, sauti chini. Akalia, akasema: "Mama, amepata kinywa jana tu. Unataka kumufunga tena?" Nikamwambia: "Atakaa ku reli mpaka ndevu imuote, anangoja dada. Neno moja nililosema vibaya limekula mwaka ya huyu mutoto. Hatutamupa lingine." Hajakubali mpaka sasa. Anaandika ameuma meno. (Ni kweli. — B.)

Nilimukalisha mu magoti. Nilisema: "Elie, sikia nkambo. Baba yako huyu hapa hakutoka mu udongo. Hakuingia hata siku moja. Minye njo nilikosa neno. Ule wa Likasi ni Tatu yako, Georges. Ye aliingia. Na Mimi aliingia. Bale banaingia hawatoki. Hakuna muntu atabatosha, si weye, si minye, si treni."

Aliangalia mama yake. Akauliza: "Ni kweli, Baba?"

(Nilisema ndiyo. — B.)

Berthe, aligeuka akanipiga. Ngumi, hapa ku kifua, mbili mbili, na kichwa pia, mutoto ya miaka mitano anapiga kama anapasua kuni. Bibiane alitaka kumushika, nikamwambia muache. Alipiga mpaka mikono ikachoka. Kisha alinitazama mu macho, na hii njo neno ya kwanza amenipa minye mwenyewe tangu makaburi ya Likasi. Alisema: "Nkambo, weye ni mubaya."

Nikasema: "Ndiyo, mwana wangu. Sema tena."

Akasema tena.

Nkambo Philomène